Usiseme "Haumi"

Ninyi mnaofuga mbwa hapa Bujumbura, wa Kiriri na Kinindo, wa Gihosha na Kibenga, na ninyi wa Ngagara mliopewa kitoto cha mbwa mwaka huu na bado hamjui kitakuja kuwa mnyama wa ukubwa gani, simameni kidogo mnisikilize. Jumamosi ikifika na kazi za pamoja za mtaa zikamalizika, mnafungua geti. Mnapanda na mbwa njia za milimani, mnakwenda naye mpaka kwenye jiwe la Mugere, mnashuka naye ufukoni mwa Tanganyika jua linapoielekea milima ya Kongo. Ni jambo jema. Mbwa aliyefungiwa uani wiki nzima ana haki ya kutoka akanusa dunia. Lakini nawasihi, na ningekuwa na sauti ya mwadhini na kengele ya kanisa kwa pamoja ningezitumia zote mbili: kabla mkono haujagusa komeo la geti, kamba iwe imefungwa shingoni mwa mbwa na ncha yake iwe mkononi mwako. Isiwe mfukoni. Isiwe garini. Iwe mkononi.

Nasema kwa ukali kwa sababu sote tunajua yanayotokea kamba ikisahauliwa. Mbwa anatangulia. Njia ni nyembamba, upande huu shamba la mihogo, upande ule mteremko. Kwenye kona anatokea mama anayeshuka kutoka vilima vya juu, beseni la nyanya kichwani, mtoto mgongoni. Mbwa anamkimbilia. Mama anaganda. Na kutoka chini kabisa, bila hata kuongeza mwendo, mwenye mbwa anapaza sauti: "Usiogope mama, haumi!"

Ndugu yangu, maneno hayo yaondoe kinywani mwako leo hii. Huna ushahidi wa unachokisema. Unamjua mbwa wako sebuleni na uani, palipo na harufu yako na sahani yake. Humjui mbele ya mbuzi anayekimbia, wala mbele ya mtoto aliyeshika muwa, wala mbele ya mbwa wa kilimani anayelinda mji wake. Kila mbwa aliyewahi kuuma mtu alikuwa, mpaka dakika ile, mbwa asiyeuma. Na hata kama wako hatauma maisha yake yote, mama yule hahitaji kuguswa na jino ndipo aumie. Mwenye mzigo kichwani haoni miguu yake. Anatembea kwa shingo iliyonyooka na kwa kuizoea njia. Akirudi nyuma nusu hatua, nyanya zimekwenda bondeni, na nyanya zile ndizo zilizokuwa chumvi, sabuni na daftari za wiki nzima. Akianguka, anamwangukia mwanawe. Utasimama mbele yake na neno "pole" tu?

Tena pimeni haki iko wapi. Getini kwako umebandika kibao kinachosema mbwa mkali. Umekitolea franga zako. Unataka mpita njia akisome, aogope, asiuguse ukuta. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hofu ya watu ndiyo inayokulindia nyumba usiku. Halafu Jumamosi unakutana na watu walewale kilimani, unaudhika kwamba wanaogopa? Unawaita washamba? Wamekutii. Wamekisoma kibao chako wakakiamini. Hofu uliyoipanda wewe mwenyewe, kwa fedha yako, huna ruhusa ya kuicheka.

Wapo wanaojitetea kwamba kule juu ni porini, hakuna mtu. Wapi huko? Burundi ni miongoni mwa nchi zenye watu waliosongamana zaidi katika Afrika nzima, na watu wake hawakujikusanya vijijini. Kila mji umesimama peke yake katikati ya migomba yake, na kilima ndicho anwani ya mtu. Ukimuuliza Mrundi ametoka wapi, atakutajia kilima. Kwa hiyo njia unayoiita ya matembezi ni ua wa mtu. Ukingo unaouruka mbwa wako ni tuta la maharage la mtu. Kivuli mnachopumzikia kina mwenyewe, na mwenyewe yuko karibu, anawatazama, ananyamaza kwa sababu gari lenu ni kubwa na lugha yenu ni ya ofisini. Kunyamaza kwake si idhini.

Na wenye vikundi vya kukimbia, ninyi mnaopanda asubuhi kuelekea Vugizo mkiimba, mbwa aliyefunguliwa katikati ya miguu ya watu arobaini ataangusha wa kwanza na kumi watamkanyaga. Mkifika juu, kumbukeni pale pamelazwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Kaburi si mahali pa kuleta mnyama anyanyue mguu. Mbwa abaki chini na mtu wake.

Mimi nimelelewa Buyenzi, na nataka kusema neno juu ya dini, kwa maana hapa ndipo wengi wanapokoseana. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Shafii, ambayo kwayo mate na majimaji ya mbwa ni najisi, na palipopatwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Huo si unyanyapaa wa mzee mmoja mkorofi. Ni sharti la swala yake. Mbwa aliyetoka ziwani akijikung'uta mbele ya mtu mwenye kanzu anayewahi adhuhuri, umemchelewesha mtu huyo mbele ya Mola wake. Atarudi nyumbani, atafute udongo safi, afue, abadilishe, na jamaa watakuwa wamekwisha kutoa salamu. Huwezi kumlipa hilo. Unachoweza ni kuvuta kamba, kukaa kando, na kumwacha apite na kanzu yake ikavu.

Lakini nanyi Waislamu wenzangu, msiifanye dini fimbo ya kumpigia mbwa. Mtume amesimulia habari za mtu aliyemwona mbwa akilamba udongo kwa kiu. Akashuka kisimani, akajaza maji kiatuni, akakishika kwa meno huku akipanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamghufiria. Maswahaba walipouliza kama kuna thawabu hata kwa wanyama, waliambiwa ipo kwa kila kiumbe chenye uhai. Na vijana wa pangoni, katika Sura ya Al-Kahf, walikuwa na mbwa wao, naye ametajwa pamoja nao. Angalieni alipolala: kizingitini, amenyoosha miguu ya mbele. Alikuwa mwenzao kweli, na alikuwa na mahali pake. Wahenga nao walionya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Waliyemlaumu ni mchezaji. Mbwa hawakumlaumu.

Wakristo, ambao ndio wengi nchini, wana onyo lililo zito kuliko letu. Katika Kutoka sura ya 21 imeandikwa sheria ya ng'ombe apigaye kwa pembe: akiua mtu mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia, lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi hiyo tangu zamani, na mwenyewe akaonywa asimfunge, damu inamrudia mwenyewe. Sasa hesabu nafsi yako. Mbwa wako ameshamrukia mtu wa baiskeli? Ameshampasua mtoto wa jirani suruali? Basi umekwisha kuonywa. Tangu siku hiyo usiseme tena "bahati mbaya".

Twende Mugere. Ni kilomita kama 12 kusini mwa jiji, juu kidogo ya barabara ya kando ya ziwa. Pale kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe, 25 Novemba 1871. Walikuwa wametoka Ujiji kwa mtumbwi ili waone kwa macho yao kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, jambo lililokuwa likibishaniwa na wataalamu wa jiografia, wakakuta unaingia. Njiani walilala Mugere siku mbili, wageni wa wenyeji. Leo watu hupanda juu ya jiwe hilo kupiga picha na ziwa lote likiwa nyuma yao, watoto wa kilima huwazunguka, na siku hizi mbwa hupandishwa pia, mwingine akivutwa, mwingine akisukumwa makalio.

Ni wachache wanaopanda pale wakijua kwamba Livingstone naye alikuwa na mbwa, na jinsi alivyompoteza. Aliitwa Chitane. Alikuwa mdogo wa umbo na mkubwa wa moyo. Msafara ukitembea, alikimbia mpaka kwa mtu wa mbele, kisha akarudi mpaka kwa wa mwisho na kumbwekea asibaki nyuma. Wakipiga kambi, akishajua bwana wake yuko kibanda gani, hakuruhusu mbwa wa kijiji akisogelee; na yeye mwenyewe hakuiba chakula. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka kinamasi cha Chimbwe, chenye upana wa kama maili moja, maji yakiwafika kiunoni. Livingstone alitangulia kuvuka, akasahau kuagiza nani ambebe mbwa. Watu waliofuata kila mmoja alikuwa akipigana na matope asianguke na mzigo. Chitane akaogelea katikati yao, hakuna aliyemtazama, mpaka akafa. Bwana wake aliyaandika haya katika shajara yake kwa uchungu, miaka karibu mitano kabla ya kufika Mugere.

Kiswahili kina methali kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Chitane ufuko hakuuona. Alichoona ni migongo ya watu. Tusiseme Livingstone alikuwa katili, maana alimpenda. Alisahau tu, kwa kuwa alitangulia na mawazo yake yalikuwa ng'ambo. Nawaomba mlishike hili enyi mnaopanda: anayemhatarisha mbwa si mara zote anayemchukia. Mara nyingi ni anayempenda, aliyetangulia mbele na simu mkononi akitafuta picha. Kabla ya kuanza kupanda, mtajeni kwa jina mtu mmoja aliye na mbwa. Msiseme "tutamwangalia sote". Mtu mmoja, na yeye ajue ni yeye, na hatapanda mpaka amkabidhi mwingine.

Hili lina uzito mara mbili kwa vijana wanaojifunza kupanda miamba kwa kamba, mchezo ambao kwa jirani zetu wa Kenya una mizizi ya muda mrefu huko Lukenya, karibu na Nairobi, na kwenye mnara wa Fischer ndani ya Hell's Gate. Chini ya mwamba si mahali pa mbwa kuzurura. Jiwe dogo likibanduliwa na mguu wa mpandaji linashuka kwa kasi ya kuua, na mbwa hana kofia ngumu wala haelewi mtu akipiga kelele "jiwe!" Kamba iliyolazwa chini si mkeka wake, mchanga wa manyoya yake unaingia kati ya nyuzi na kuzila taratibu kwa ndani, usione kitu mpaka siku ya kuihitaji. Mpandaji na aliyemshikia kamba wanaongea kwa sauti tupu, na kubweka kunameza neno moja ambalo lingeokoa mgongo wa mtu. Kwa hiyo mshika kamba ya mpandaji asishike kamba ya mbwa hata kwa dakika mbili. Mkono wenye uhai wa mtu haugawanywi. Mbwa afungwe mbali na ukuta, kivulini, akiwa na maji na mtu wa kukaa naye; asifungwe peke yake akilia saa tatu, akiwaharibia wengine siku waliyoisubiri mwezi mzima. Kama hakuna wa kukaa naye, abaki nyumbani. Na ndani ya hifadhi za taifa za Kenya, Hell's Gate ikiwemo, mgeni haruhusiwi kuingia na mbwa kabisa. Anayefikiria kuvuka mpaka na wake alijue hilo mapema.

Kiangazi cha Juni hadi Septemba jiwe la Mugere linawaka. Weka kiganja chako juu yake uhesabu mpaka saba. Ukishindwa, nyayo za mbwa nazo hazitaweza. Yeye hatoki jasho la kumpoza mwili kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na hewa ya mchana wa hapa, mita mia saba na kitu tu juu ya bahari, haimsaidii. Ulimi ukiwa mwekundu sana, mate yakinata, akianza kuyumba, mwingize kivulini, mloweshe tumboni na miguuni, mpe maji kidogo kidogo, na safari imekwisha. Beba maji yake mwenyewe. Chemchemi ya kilimani mnayoikuta na mabomba ya mianzi ni kisima cha nyumba ishirini. Mbwa asiweke mdomo pale, asioge pale, hata kama hakuna anayewaona.

Kuna jambo lingine linaniuma na nitalisema wazi. Wengi wenu hamtembezi mbwa wenyewe. Mnamtuma zamu, yaani mlinzi, au boyi. Kijana amekesha getini, mshahara wake mdogo, asubuhi anapewa mnyama mwenye uzito karibu na wake, mbwa wa Kijerumani aliyefundishwa kuwachukia watu wasiojulikana, na anaambiwa ampandishe mlimani. Hakuna aliyemfundisha amri tatu zinazomtuliza mbwa yule. Pengine mbwa hufahamu Kifaransa cha bwana tu. Mnyama akimvuta akamwangusha, ni magoti ya kijana. Akimuuma mtu, kundi linamkamata kijana, na bwana anasema kwa simu kwamba alimwagiza awe mwangalifu. Hapana! Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Ukali ni wako, lawama ni yako. Kama unamtuma, mfundishe, mpe kamba imara na kifunga mdomo, mwandikie karatasi yenye namba yako ya simu, na mbele ya watu useme: lolote litakalotokea ni juu yangu. Mlipe pia kwa kazi hiyo, kwa sababu ni kazi.

Na mbuzi? Mbwa wako akimuua mbuzi wa mtu, usianze kupatana bei. Kwa familia ya kilimani mbuzi yule ni ada ya shule, ni dawa, ni mahari inayosubiri. Lipa bei kamili ya sokoni, na kama alikuwa na mimba, lipa na ya mimba. Usimsubiri mkuu wa kilima akuite.

Ufukoni nitapita haraka. Kinyesi cha mbwa kiokote kwa mfuko, ukichukue, usikifukie mchangani. Mayai ya minyoo ya mbwa yanaishi udongoni muda mrefu, na viluwiluwi vya safura ya mbwa vinapenya ngozi ya mguu mtupu na kuchora mistari inayowasha chini ya ngozi ya mtoto. Wanaocheza peku Saga Plage ni watoto wa nani? Ndagala zikianikwa, kwenye mchanga au kwenye vichanja, zungukeni mbali, kwani ni usiku mzima wa wavuvi umelazwa pale juani. Na jioni msimrushie mbwa mpira majini. Viboko hutoka kula majani hata kandokando ya jiji, na mamba wapo. Nchi iliyomjua Gustave, yule mamba mla watu, haihitaji kuhubiriwa juu ya mamba.

Ndani ya hifadhi ya Rusizi mbwa asiingie. Delta ile imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2002, ndege wanataga chini kwenye nyasi, na mbwa mmoja aliyefunguliwa kwa nusu saa anatosha kuwatimua kwenye viota vyao. Kibira vilevile, kwa ajili ya sokwe na kila kilichobaki kwenye msitu ule. Atakayedhani natia chumvi akumbuke Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa, ule ambao kitoto cha mbwa hukingwa nao kwa chanjo ya bei ndogo, uliingia kwa simba. Takriban theluthi moja ya simba wote wa Serengeti walikufa, kama elfu moja, wakitetemeka na kuanguka. Watafiti walivielekeza vidole kwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Simba! Kwa sababu ya sindano ambayo mbwa hawakuchomwa.

Wala kumwangalia mbwa si jambo jipya. Wazee wa misitu ya Kongo, walipokwenda kuwinda, walimvisha mbwa kengele ya mbao shingoni, na kila mtu msituni alijua mnyama yuko wapi. Hawakuwa na daktari wa mifugo wala sheria ya jiji. Lakini mbwa hawakumwachia njia bila taarifa.

Nimeliacha la mwisho lililo kubwa. Kichaa cha mbwa.

Virusi vyake viko mateni. Vikiingia kwenye jeraha hufuata mishipa ya fahamu, polepole, kuelekea ubongoni, na safari hiyo huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Muda wote huo aliyeumwa anaweza kuokolewa. Zikishaanza dalili, koo kukaza kila aonapo maji, kuogopa hata upepo, kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Hakuna hospitali ya Bujumbura wala ya Paris itakayomrudisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa hivyo kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Katika kila wagonjwa mia, 99 waliambukizwa na mbwa. Na haya yanatokea ilhali kinga imejulikana tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeraruliwa na mbwa huko Alsace, na mtoto akaishi.

Msiseme haiwezekani kwetu. Tazameni Pemba, kisiwa cha Waswahili, cha Waislamu, ambako mbwa hata hapendwi. Kampeni za kuchanja mbwa zilianza 2010. Kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekoma. Mbwa wenye virusi wakaingia tena kutoka nje, ukarudi 2016. Watu wakachanja tena bila kuchoka, na kufikia mwisho wa 2018 ulikuwa umetokomezwa mara ya pili. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa saba katika kila kumi, mnyororo unakatika. Mbwa wako wa getini ni mmoja wa hao saba, au ni mmoja wa watatu wanaouendeleza. Amua ni yupi. Kitoto cha miezi mitatu kinachanjwa, kisha kinarudiwa kama cheti kinavyoagiza. Cheti hicho usikifungie kabatini. Kipige picha, kikae kwenye simu yako kila unapotoka naye, kwa sababu siku utakayokihitaji hutakuwa nyumbani.

Na siku hiyo ikifika, mbwa wako akamuuma mtu njiani, usiondoke. Usimpe mtu noti ya franga elfu kumi ukapanda gari. Tafuta maji na sabuni, uoshe jeraha dakika 15 kamili, kwa maji yanayotiririka. Wakikuletea pilipili, chumvi au majani ya kufungia, kataa kwa upole. Mwambie jina lako na unakoishi. Mwonyeshe cheti, kisha usikitumie kama kisingizio cha kutokwenda hospitali. Mbwa asiuawe na asifichwe. Afungwe, atazamwe siku kumi, na ukiona amebadilika hata kidogo, piga simu kwa daktari na kwa yule aliyeumwa saa hiyohiyo. Mpakie mtu huyo garini mwako mwenyewe, mbele, siyo nyuma na mbwa. Kaa naye kwenye benchi mpaka aitwe jina lake. Lipa. Siku ya tatu mfuate kilimani kwake umpeleke sindano ya pili. Siku ya saba mfuate tena.